Jibu la Fundi Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pabaya, najua. Niliwaacha nikisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, taa za dari zikinipita juu moja moja, na mume wangu amebaki nyuma kwenye korido ameshika ndala zangu kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie.

Kwa asiyenijua bado: mimi ni mshonaji wa vitambaa vya makochi. Mume wangu ndiye anayeunda fremu, na mtaa mzima unamwita Fundi. Hata mimi namwita hivyo. Mimi wananiita Mama Vitambaa. Wenzangu wanaitwa kwa watoto wao, mimi nimezaa majora.

Tangu niolewe, kila mwezi siku zangu zikifika nilikuwa najilaza chini ya meza ya kukatia, nauma mto wa kochi la mteja ili nisipige kelele. Nikaambiwa nina chango. Nikaambiwa nina uvivu. Mama mkwe akasema nina roho isiyotaka mtoto.

Mwisho daktari mmoja wa upasuaji, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akanitajia jina la adui: endometriosis. Nyama zinazofanana na zile za ndani ya mji wa mimba zinaota nje yake, kwenye ovari, kwenye utumbo, popote zisipoalikwa. Kila mwezi nazo zinavuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Inaganda humo humo. Viungo vinashikana kama vimepakwa gundi.

Gundi naijua. Nilielewa upesi.

Na mnakumbuka nilichomwambia daktari yule tukiwa wawili tu. Aliniambia ovari ya kushoto ina uvimbe mkubwa, akaniuliza ikibidi kuchagua nataka nini. Nikamjibu: "Ovari zangu usizitoe. Maumivu nitayabeba, nimeyazoea. Niachie njia ya kupata mtoto."

"Mume wako analijua hilo?"

"Analijua."

Alikuwa halijui. Nyumbani kwetu habari ya mtoto tulikuwa tumeacha kuizungumza, kama watu wa nyumba moja wanavyoacha kukalia kiti kibovu bila kuambiana.

Haya, sasa niwapeleke wadini.

"Mama, fumbua macho. Umeshatoka."

Alikuwa nesi. Kitu cha kwanza nilichokisikia si tumbo, ni bega. Lilikuwa linanichoma utadhani nimebeba fremu ya mvule.

"Sista, bega langu limefanywa nini? Mliniangusha?"

"Hujaangushwa. Ni hewa waliyokujaza tumboni ili kamera ione vizuri. Inapanda juu. Itaisha."

"Kwa hiyo nimejazwa upepo kama tairi."

"Kama tairi. Sasa lala."

Sikulala. Nilikuwa na swali nililoingia nalo usingizini, na nilitoka nalo likiwa bado kwenye ulimi.

"Wameziacha?"

"Wameacha nini?"

"Ovari. Zipo zote mbili?"

Nesi akashika mpira wa dripu, akaugongagonga kwa kidole ingawa ulikuwa unatiririka vizuri kabisa.

"Daktari atakuja kukueleza," akasema.

Mtu wa hospitali akishakuambia daktari atakuja kukueleza, yeye ameshakueleza. Nilitazama dari mpaka dari ikaanza kuogelea. Sikulia. Kulia kunavuta mishono.

Ilipofika saa ya kuona wagonjwa, kengele ikalia, mlango ukamwaga watu. Kwenye kitanda cha jirani yangu alilala mwalimu wa chekechea, mnene, mcheshi, ametolewa uvimbe kwenye mji wa mimba. Wageni wake walikuwa wengi mpaka wengine wakasimama upande wangu, matako yao yakiegemea kitanda changu.

Kiti changu mimi kilikuwa kitupu. Nikakitazama hicho kiti mpaka nikaanza kukihesabia kasoro. Miguu haikulingana. Kilihitaji kabari.

"Dada," Mwalimu akaniita kati ya vichwa vya watu, "wako amekwama njiani?"

"Ana kazi nyingi."

"Basi chukua wageni wawili kwangu, mimi wamenizidi."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nimeshika tumbo. Kumbe hakuwa anatania. Alimtuma shangazi yake aje akae nami. Shangazi wa watu akakikalia kiti kibovu, akanishika mkono, akaniuliza kwa upole:

"Una watoto wangapi, mwanangu?"

"Nitawahesabu nikifika nyumbani."

Akacheka sana. Akamwambia Mwalimu jirani yako ana maneno huyu. Kengele ikalia tena, wakaondoka wote, wadi ikabaki na harufu ya marashi yao. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa baada ya wageni wa kuazima kuondoka.

Simu ya Fundi niliipiga ikaita mpaka ikachoka.

Kesho yake kengele ilipolia nilijifanya nimelala, ili isionekane kwamba sina aliyekuja. Nikasikia viatu. Viatu vyenye kisigino, vya mtu asiye na shaka na anakokwenda.

"Usijifanye umelala, kope zinacheza."

Alikuwa mama mkwe. Mwanamke mwembamba, aliyenyooka, anayevaa kila siku kama anakwenda kutoa ushahidi mahakamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa vizuri unywe chai." Akafungua chupa, akanimiminia. "Umewafanya nini madaktari, au madaktari wamekufanya nini? Maana mwanangu hali, halali, hasemi. Anapiga nyundo tu. Nimemuuliza, akanipa kisogo."

"Yuko karakana?"

"Atakuwa wapi? Nimekuja kuuliza mwenyewe. Wamekuachia kizazi?"

Mwalimu aliacha hata kutafuna.

"Mama, punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Humu ndani wote wamelazwa kwa ajili ya tumbo lile lile. Kizazi kipo au hakipo?"

"Sijui."

"Hujui? Kwani tumbo la nani?"

Nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu, na lilikuwa kali, lakini daktari aliingia na wauguzi wake. Akavuta pazia la kitanda changu, akamtazama mama mkwe.

"Huyu nani yako?"

"Mama wa mume wangu."

"Nizungumze mbele yake?"

Nilitaka kusema hapana. Mama mkwe alikuwa ameshaketi, mkoba mapajani.

"Zungumza, daktari," akasema yeye. "Mimi si mgeni."

Daktari akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu nilichoka, na kwa sababu sikutaka kuisikia habari ile peke yangu hata kama mwenzangu wa kusikia ni yule.

"Mji wa mimba upo, mzima," daktari akasema. "Ovari ya kulia ipo. Ilikuwa na madoa kidogo, nimeyaondoa. Mrija wake uko wazi, tulipitisha rangi tukaiona inatoka upande wa pili. Utumbo nimeuachanisha na mahali ulipokuwa umejishika." Akavaa miwani, akaivua. "Ovari ya kushoto nimeitoa."

Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi.

"Daktari," nikasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Lakini nilipofika ndani niliikuta imegandana na utumbo na ukuta wa nyonga, na uvimbe umeila karibu yote. Kuibandua na kuiacha kungeacha ugonjwa mwingi humo. Nilikuwa na njia mbili. Nisimame hapo, nikufunge, uamke tuzungumze, kisha urudi tena mezani siku nyingine. Au niendelee. Na ulikuwa umeniambia, nikikuta jambo nisilolitegemea, nimuulize mume wako."

Kweli nilimwambia. Niliposema hivyo nilikuwa nafikiria mambo ya damu, mambo ya kuhamishiwa hospitali nyingine. Sikufikiria hili.

"Ukamuuliza."

"Nilitoka mpaka mlangoni nikamuuliza."

"Akasema nini?"

"Akasema tuitoe."

"Nani kasema?" Mama mkwe akasimama, mkoba ukaanguka.

"Mwanao, mama."

"Mwanangu mimi? Yeye anaelewa ovari ni kitu gani?"

"Nilimweleza. Nilimwambia mke wako atabaki na moja na nafasi ya kushika mimba inaweza kupungua. Akaniuliza swali moja tu, tukiiacha ataendelea kuumia? Nikamwambia ndiyo, huenda zaidi. Akasema itoeni."

Nilimtegemea mama mkwe anigeukie mimi, kama kawaida yake. Hakunigeukia. Aliokota mkoba wake, akaufunga, akafungua pazia akatoka, visigino vikigonga sakafu mpaka mwisho wa korido. Chupa ya chai aliiacha. Nilijua anakokwenda, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimwonea mume wangu huruma kwa ajili ya mama yake.

Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nisikilize vizuri. Kubaki na moja si kubaki bila kitu. Wako wanaopata mimba na ovari moja, nawaona. Na baada ya upasuaji kama huu kuna kipindi kizuri, kabla ugonjwa haujaanza kurudi. Ukishapona, miezi ya mwanzo usiipoteze. Na mwambie mume wako aje tumpime na yeye. Ni kawaida, tunapima wote wawili."

"Ugonjwa utarudi?"

"Unaweza kurudi. Siwezi kukuahidi hautarudi."

Alipoondoka, pazia likabaki nusu wazi. Mwalimu alikuwa ananitazama kwa macho ya maji.

"Dada, nisamehe, nimesikia. Mume wa namna hiyo ni dhahabu. Wangu angesema acheni, hata kama ningefia pale mezani."

"Wangu angesema mpigieni kwanza mama yangu," akasema mwanamke wa kitanda cha dirishani.

Wadi ikacheka, na ikaanza kumsifu Fundi. Nesi aliyeleta dawa akaambiwa habari zake, naye akaweka mkono kifuani. Mwanamume aliyemwambia daktari mtoe mke wangu kwenye maumivu, habari ya mtoto baadaye.

Na mimi nimelala katikati yao, nimeibiwa, na kila mtu anampongeza mwizi.

Hasira niliyokuwa nayo sikujua niiweke wapi. Angenitukana ningejua la kufanya. Angeoa mke wa pili ningejua. Lakini mtu anapokudhulumu kwa kukuhurumia, unamlalamikia kwa nani? Nilivuta shuka mpaka puani, nikalilia humo, mishono ivutike ikitaka.

Siku ya kuruhusiwa Fundi hakutokea. Nesi alinibebea mfuko mpaka kwenye teksi, akaniambia nisiinue kitu kizito, nisiiname, nisikae na mawazo. Hayo mawili ya kwanza nilimkubalia.

"Umetoka kujifungua, mama?" dereva akaniuliza, akikwepa shimo kwa heshima.

"Nimetoka kufunguliwa."

Akasema hongera.

"Nikupeleke wapi?"

"Karakana ya makochi."

"Si nyumbani?"

"Karakana."

Nilimkuta peke yake. Alikuwa amepinda mgongo juu ya kochi kuukuu, anavua kitambaa chake, anang'oa pini moja moja kwa koleo na kuzitupa kwenye kopo. Cherehani yangu alikuwa ameifunika. Sakafu ilifagiwa vizuri kuliko ninavyofagia mimi, na harufu ya gundi ilinipanda kichwani mara moja, kwa sababu pua yangu ilikuwa imeshazoea harufu ya dawa.

"Umerudi," akasema. Hakugeuka.

"Nimerudi. Wewe hukuja."

"Kazi ilikuwa nyingi."

"Kochi hili lilikuwa na nini, presha?"

Siku zote nikisema la namna hiyo anacheka hata kama tumegombana. Safari hii hakucheka. Nikaegemea meza ya kukatia.

"Fundi, ulijibu nini pale mlangoni?"

"Daktari si amekuambia."

"Nataka nikusikie wewe."

Aling'oa pini, akaitazama.

"Nilimwambia waitoe. Nilimwambia sisi karakana kwetu tukikuta ubao umeoza ndani ya kochi hatupigi msumari juu yake tukafunika kitambaa. Tunautoa."

"Ulimwambia daktari hivyo?"

"Sikuwa na maneno mengine."

Na kweli ndivyo tunavyofanya kazi. Kochi likifunguliwa likakutwa limeoza, mwenyewe akiwepo tunamuuliza. Asipokuwepo tunamuuliza aliyelileta. Mimi mwenyewe nimetoka nje mara nyingi na kipande cha ubao mkononi, nikamuuliza dereva wa gari la mizigo, tuutoe? Dereva wa watu anasema toeni. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

"Kwa hiyo mimi kochi, na wewe ndiye uliyelileta."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Mimi nilimwambia daktari asiitoe, Fundi. Nilimwambia maumivu nitayabeba."

Hapo ndipo aligeuka. Alikuwa amekonda. Ndevu zimemtoka ovyo ovyo, shati lile lile alilokuwa amevaa aliponiacha hospitali.

"Mimi hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza."

"Mwenzangu, pale mlangoni nilikuwa peke yangu. Mlango unafunguliwa, daktari anatokea anatoa jasho, barakoa imeshuka shingoni, ananiambia amua sasa, mke wako yuko mezani. Niamue nini? Mtoto sijamwona hata siku moja. Wewe nakuona kila mwezi chini ya meza hiyo uliyoegemea, umejikunja, unauma mto wa watu. Mimi niko hapa juu nashika nyundo ili nipige kelele nisikusikie. Halafu niseme waache?"

Nilikuwa nimekuja na maneno. Njia nzima kwenye teksi nilikuwa nayapanga. Yote yakanitoka kichwani.

Nikaketi kwenye mkono wa lile kochi lililovuliwa nguo. Sikuwa nimemsamehe, lakini nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu, na mtu huyu alikuwa wangu. Nikamwambia ya daktari. Kwamba ya kulia imebaki. Kwamba mrija uko wazi. Kwamba miezi ya mwanzo nikishapona ndiyo yetu, ikipita hatujui.

"Kwa hiyo tunajaribu, Fundi. Hatuna muda wa kununiana. Tutakwenda pamoja kliniki, wanataka kukupima na wewe."

Akalirudia kochi. Akatia koleo mahali ambapo hapakuwa na pini.

"Si lazima."

"Ni kawaida tu, wanapima wote wawili. Usione aibu."

"Nimeshapimwa."

Nikadhani amekwenda nilipokuwa nimelazwa. Moyo ukaruka kwa furaha, mjinga mimi.

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani ipi?"

"Mwaka ule mama alipokuwa anakuletea zile dawa za mizizi, unakunywa unatapika. Nilikwenda peke yangu. Nikarudia hospitali nyingine, nikasema labda hawa wamekosea."

"Wakakuambia nini?"

Aliweka koleo chini taratibu, kama chombo cha kioo.

"Sina mbegu, mwenzangu. Wamepima mara mbili. Hakuna hata moja. Wamesema ni ya kuzaliwa, haina dawa."

Nje kuna gari lilikuwa linapiga honi lifunguliwe geti. Nakumbuka niliisikiliza ile honi mpaka ikaisha.

Nikakumbuka zile dawa za mizizi. Alikuwa ananishikia kikombe. Nikakumbuka mama mkwe kwenye harusi ya binamu yao, akisema mbele ya watu kwamba shamba lingine hata ulipande nini halioteshi, na Fundi kando yangu akaomba aongezewe chai. Nikakumbuka nikimwomba radhi. Kila mwezi damu ikija nilikuwa namwomba radhi mwanamume huyu, na yeye anasema usijali.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Kila nikianza naona utaondoka."

"Kwa hiyo pale mlangoni ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ulijua hata wangeziacha zote mbili, kwako nisingezaa. Ndiyo maana hukupata shida kujibu."

"Nilijibu kwa sababu ulikuwa unaumia."

"Au kwa sababu na mimi nikikosa kizazi tutakuwa sawa."

Aliokota koleo, akaliweka tena chini. Nilimtazama nikitafuta usoni pake lipi ndilo la kweli, na nadhani hata yeye alikuwa analitafuta. Hadi leo mimi sijalipata.

"Ya kulia imebaki," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiti. "Ukitaka kwenda kwa mwingine, nenda. Sitakuzuia. Ila usichelewe. Daktari si amesema miezi ya mwanzo."

Nimeishi na maumivu ya kila namna, ndugu zangu. Hayo hayakuwa na jina wala kidonge.

"Hodi."

Hakusubiri karibu. Mama mkwe hajawahi kusubiri karibu. Aliingia, akakwepa marundo ya sponji, akasimama katikati yetu akihema. Fundi akainama akaanza kuokota pini zilizokosa kopo.

"Nimekwenda wadini nikaambiwa umeondoka peke yako, umejibebea tumbo lako kwenye teksi. Mnataka nyumba yetu iaibike mbele za watu." Akamtazama mwanawe. "Na wewe."

"Mama, kaa," nikasema.

"Nitakaa nikimaliza. Siku ile nilikuja hapa nikamtukana huyu mpaka nikaishiwa. Hakunijibu hata neno. Nikaenda nyumbani, nikawaza." Sauti ikashuka, na mimi sikuwa nimewahi kuisikia sauti ya mama mkwe ikishuka. "Nimekukosea, mwanangu. Nilidhani unadeka. Daktari alipotaja utumbo umejishika, nilikumbuka ulivyokuwa unanyanyuka kwenye kiti kwangu, polepole kama kizee, na mimi nikakusema."

Nikaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye kochi.

"Sasa sikiliza. Dada zangu wanataka nimtafutie huyu mke mwingine. Wameshampata, wameshamsifia. Nimewaambia hapana. Nimewaambia mkwe wangu amebakiwa na moja, apewe muda, na mimi mwenyewe nitamlinda na midomo yao. Jioni hii wanakuja kwangu wanataka neno." Akavuta stuli ya cherehani, akakaa, akashika mkoba kwa mikono miwili. "Huyu amekuwa bubu, simuulizi. Nakuuliza wewe, na utakalosema nitalichukua kama lilivyo. Mtoto atapatikana nyumba hii, au hatapatikana?"

Nikisema atapatikana, nimejifunga mwenyewe. Mwaka utapita, miezi yangu mizuri itapita nayo, na dada zake watarudi, na safari hiyo hata yeye hatanilinda.

Nikisema hatapatikana, itabidi niseme kwa nini.

Fundi alikuwa ameacha kuokota. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mama yake, ngumi imejaa pini, anautazama mdomo wangu.

"Mama," nikasema, "daktari alichosema ni hiki."

Fundi akafumba macho.